Mayai ya Kobe Kwenye Kabati la Boila

Kila nikifungua kabati la boila nyumbani kwangu, lile la ghorofani lenye tangi la maji ya moto, harufu ya mataulo yaliyokaushwa na joto hunipiga usoni, nami husimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Mume wangu ameshazoea. Hupita nyuma yangu akiniuliza, "Bado uko Saltley?" kisha huyo, anaendelea na safari yake ya bafuni. Ni kweli, huwa niko Saltley, mtaa wa Birmingham, Uingereza, nilikokulia. Niko katika nyumba yetu ya kwanza nchi hii, iliyobanana na nyumba za jirani huku na huku, na Mama amepiga magoti mbele ya kabati, kitenge kimefungwa juu ya sweta, mkono umezama ndani hadi kwenye kiwiko. Mama tulimzika majira ya baridi yaliyopita. Tangu hapo nalifungua kabati hili mara nyingi kuliko nguo zinavyohitaji.

Wenzangu mlioletwa huku mkiwa bado mnang'oka meno ya utoto, mtakumbuka jambo ambalo hatukulizungumza. Wazazi wetu walipanda ndege wakiwa watu wazima, wakashuka wakiwa watoto. Mama yangu alikuwa mtu kule Uvira, Kongo. Ukifika mtaani kwetu ukauliza nyumba ya mama wa vifaranga, hata mlevi angekupeleka. Alikuwa na sanduku la mbao lililowashiwa taa ya mafuta chini yake, na ndani alipanga mayai ya kuku kwenye maranda, akayaatamia kwa mikono yake mwenyewe badala ya kuku. Kila yai alilichora kwa mkaa, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili ajue lipi ameshaligeuza na lipi bado. Kuku huyageuza mayai yake mchana na usiku, kwa mdomo na kwa kifua. Yai lisipogeuzwa kifaranga hugandamana na ganda, akitoka hutoka kilema au hatoki kabisa. Mama aligeuza asubuhi, mchana na jioni, na vifaranga wake walitoka wote wakipiga kelele. Watu walisema ana mkono. Kwetu, mtu ambaye akipanda huota na akiatamisha huangua, husemwa hivyo tu, ana mkono, na hakuna sifa ya kuipita hiyo.

Birmingham mkono huo haukuwa na kazi. Mama hakujua mapipa ya taka yanatolewa siku gani, wala ni kitufe kipi kinachowasha joto la nyumba. Basi likifika alinitanguliza mimi, mtoto wa miaka saba, naye akanifuata ameukumbata mkoba wake kwa mikono miwili. Kliniki alipelekwa na Anti Njeri, nesi Mkenya tuliyesali naye kanisa moja, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyejua kila mlango wa mji ule. Anti Njeri alimpenda sana Mama, lakini hata yeye alimsemesha taratibu mno, kwa sauti ya juu, kama anayesemesha mgonjwa. Mama aliitikia kwa kichwa. Baba alishinda kwenye karakana ya vyuma kule Aston, akirudi jioni harufu ya grisi ikimtangulia mlangoni. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, na nilikuwa nimeanza kuona aibu ambayo sikujua jina lake.

Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa mzee wa Kizungu aliyeitwa Leni. Mkewe alikufa kabla hatujahamia. Alibaki na bustani ndogo nyuma ya nyumba, uzio uliolegea kati yake na sisi, na kobe jike aliyeitwa Gledis. Gledis alikuwa kobe wa nchi kavu, kutoka pembezoni mwa jangwa huko Afrika ya Kaskazini. Leni alimnunua sokoni alipokuwa ndio kwanza ameoa, zamani zile kobe walipoletwa kwa makreti kama machungwa. Baba alipoelezwa habari hizo alicheka hadi akashika mbavu. "Basi huyu ni mukimbizi mwenzetu," akasema. "Ila yeye alipata makaratasi mbio."

Nilimchungulia Gledis kwenye pengo la uzio kila siku baada ya shule. Alikula maua ya manjano yanayoota ovyo kwenye majani, akayatafuna kwa mdomo usio na meno huku macho yamefumbwa nusu. Leni alinionyesha mistari kwenye gamba lake na kunieleza, kwa vidole zaidi kuliko maneno, kwamba kobe hakui haraka, kwamba jike husubiri miaka na miaka kabla hajawa mama, umri ambao binti wa watu ameshamaliza shule. Majira ya baridi alimlaza kwenye boksi la majani makavu ndani ya kibanda. Mimi nilijua amekufa, nikamlilia kimoyomoyo. Karibu na Pasaka nikamkuta yuko juani anatafuna, nikakimbia ndani kumwambia Mama kwamba Gledis amefufuka. Mama hakunikatalia. Alikuja mpaka kwenye uzio, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Sawa. Kama amefufuka atataga."

Na kweli, joto lilipokolea Gledis alianza kuzunguka bustani kama aliyepotewa na kitu. Anti Njeri alikuwepo Jumapili ile tuliyosimama sote kwenye uzio tukimwangalia, naye ndiye aliyekuwa mkalimani. Mama aliuliza dume yuko wapi. Leni akajibu kwamba dume alikufa miaka kadhaa nyuma.

"Alors, mayai yatakuwa ya bure," Mama akasema. "Kuku bila jogoo anataga, lakini ile yai ni ya kukaanga tu."

Leni akatikisa kichwa, akaeleza kwa kirefu, masikio yakimwiva kwa haya. Anti Njeri akashika uzio kwa kicheko. "Mama Neema, ati kobe jike anaweza kuweka mbegu ya bwana ndani yake hata miaka! Bwana akishaenda, yeye anatumia tu polepole, vile anataka."

"Huyu mujane iko na akili," Mama akasema, na wale wanawake wawili wakacheka hadi machozi. Mimi nikaambiwa niende ndani nikanywe maji. Nilikwenda, lakini nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akichekesha watu katika nchi hii.

Gledis alitaga siku ile ile. Alichimba kwa miguu ya nyuma, akalowesha udongo kwa mkojo wake mwenyewe ili ulainike, akachimba tena, kisha mayai yakaanza kudondoka, meupe kama chokaa, madogo kuliko ya kuku na karibu mviringo kabisa. Kila yai lilipoanguka alilipokea kwa mguu, akalisogeza taratibu. Alipomaliza alifukia, akaushindilia udongo kwa tumbo la gamba lake, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye maua yake ya manjano.

"Anaenda?" Mama akauliza. "Hata kuangalia hapana?"

"Ndiyo basi," Anti Njeri akasema. "Leni anasema kazi yake imekwisha. Wakitoka, kila mtu na lwake."

Mama akafyonza. Kuku, hata yule mdogo kabisa, ukisogelea mayai yake atakutoboa mkono. Nami nikamchukia Gledis tangu siku hiyo, chuki ya dhati kabisa ya mtoto, na maua sikumchumia tena.

Udongo wa Birmingham hauna joto la kuangua yai la jangwani, kwa hiyo Leni aliyafukua mayai yale akayapanga ndani ya bati la biskuti lenye mchanga. Tatizo lilikuwa moja. Alikuwa ameitwa hospitali kubadilishiwa nyonga, na wakati wote atakaokuwa kule nyumba yake ingekuwa baridi. Alijua, kwa sababu Baba alikuwa ameshamwambia kwa Kiingereza chake cha karakana, kwamba mke wake huko Kongo alikuwa na kuku wengi, wengi sana, na kwamba alijua mayai kuliko mtu yeyote. Akaja mlangoni asubuhi moja, Baba akiwa kazini. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mama.

Aliliweka bati mezani kama anayeweka mtoto mchanga. Juu ya kila yai alikuwa amechora msalaba mdogo kwa penseli. Akamtazama Mama, akaugusa msalaba wa yai la kwanza kwa ncha ya kidole, kisha akanyoosha kidole kile juu darini. Akarudia kwa yai la pili, darini tena. Mama akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Uvira. Akagusa msalaba, akagusa kifua chake. Najua, alikuwa anamwambia. Hili najua. Leni akashusha pumzi, akamshika mkono, akasema, "Ta, bab," yaani asante mpenzi kwa namna yao watu wa mji huu, akaondoka akichechemea.

"Umeona?" Mama akaniambia mlango ulipofungwa. "Kumbe na bazungu banachora! Banajua kama sisi!"

Mimi kwa upande wangu nilielewa vingine kabisa. Msalaba, na kidole kinachoonyesha mbinguni. Nilijua mzee Leni ameyaombea mayai yake na kuyakabidhi kwa Mungu, nikaona amefanya la maana. Hivyo tulikuwa watu watatu katika jiko lile, kila mmoja na msalaba wake, na kila mmoja akiwa na hakika ameelewana na wenzake.

Mama aliazima penseli yangu ya shule. Upande wa chini wa kila yai akachora duara, safi, la mkono uliozoea. Bati akaliweka ndani ya kabati la boila, katikati ya mataulo, akajaribu joto kwa mgongo wa kiganja kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Mlango wa kabati akauacha wazi kidogo, akausogeza, akaufunga, akaufungua tena, mpaka uso wake ukasema hapo ndipo. Kisha akaanza kugeuza. Asubuhi msalaba, mchana duara, jioni msalaba, na kesho yake kinyume.

Sijui niwaelezeje wiki zile. Mama alirudi. Nilikuwa sijui kwamba hayupo mpaka aliporudi. Alianza kuimba jikoni. Aliniita nipige magoti kando yake, akanifundisha. "Shika kama vile unashika jicho ya mutu," alinong'ona. "Usikaze. Sasa zungusha. Polepole. Voilà." Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, mkavu na wa joto, na mpaka leo nikifunga macho naupata uzito wake. Alinieleza habari za bibi yake aliyemfundisha, na za jogoo mmoja mwendawazimu aliyempenda mbuzi. Alinigombeza pia, nilipolishika yai vibaya. Alinipiga kikofi mgongoni, na nawaambia nilikifurahia kikofi kile.

Wanawake wa kanisani walikuja kutazama. Walipanda ngazi kwa foleni, wakachungulia kabatini kwa adabu kama wanaoangalia mzazi wodini. Mama alijibu maswali yao mkono kiunoni. Anti Njeri hakumsemesha tena taratibu. "Mama Neema," akasema, "ukimaliza na hawa, kwani kuku si utafuga? Mimi niandike customer wa kwanza. Nimechoka na kuku za hapa, ni kama unakula sponji." Mama akamwambia Baba, Baba akaanza kuleta mbao za paleti, zile za kubebea mizigo, kutoka karakana, mbili leo, tatu kesho, akaziegemeza ukutani nyuma ya nyumba. Jioni walikaa kwenye ngazi ya mlango wa jiko wakibishana kuhusu banda, lango lielekee wapi, kama mbweha wa mji huu wanaweza kuchimba. Ilikuwa ni mara ya kwanza kuwasikia wakizungumzia mwaka ujao.

Siku ishirini na moja zikapita, ambazo ndizo siku za kuku. Hakuna yai lililopasuka. Mama akaanza kuyaweka sikioni.

"Wacha wasiwasi," Baba akamwambia. "Kobe si kuku. Huyo haendi mbio hata akiwa ndani ya yai."

Na alikuwa sahihi, maana mpwa wa Leni, binti aliyekuja kumwagilia maua yake, alitueleza kwamba kobe huchukua miezi. Mama akatulia, akaendelea. Msalaba, duara, msalaba. Mpaka majani ya miti yakaanza kugeuka rangi, ndipo Leni akarudi kutoka kuuguzwa kwa mpwa wake, na fimbo yake mpya.

Alikuja siku ya pili tu. Alipanda ngazi zetu kwa shida, hatua moja, pumziko, hatua nyingine, na Mama nyuma yake akiwa amevaa kitenge chake cha Jumapili. Alifungua kabati mwenyewe. Nilikuwa nimejipenyeza katikati yao kwa hiyo niliuona uso wake vizuri. Alitabasamu alipohisi joto. Kisha akaliona bati, na juu ya mayai yale hapakuwa na msalaba hata mmoja. Palikuwa na maduara.

Alichukua yai moja, akaligeuza, akauona msalaba wake upo chini. Akapitisha kidole gumba juu ya duara la Mama. Sikio langu likasikia maji yakiguruma ndani ya tangi. Mama alikuwa anamtazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu akisahihisha. Kisha yule mzee akamgeukia, akatikisa kichwa taratibu, akafungua kiganja chake kikiwa kitupu kuonyesha kwamba hamna kitu ndani ya mayai. Akaonyesha bustani, akaashiria kwa mkono dume aliyekufa. Tupu. Hayakuwa na mbegu. "Never mind, bab," akasema, usijali, na akampigapiga bega. "Not your fault, love."

Hata mimi nilielewa, si kosa lake. Lakini Mama hakuwa mtu wa kuambiwa yai ni tupu bila kulipasua. Leni alipoondoka alilichukua moja, akalivunja juu ya kisahani jikoni. Ndani kulikuwa na kitoto. Kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, kina madoa mawili meusi ya macho, na mgongoni alama hafifu ya gamba lililotaka kuanza. Mama alikiangalia, akavunja la pili, akaacha. Alikwenda kwenye sinki akafungua maji, akanawa mikono, akaendelea kunawa muda mrefu baada ya kutakata.

"Haikuwa bure," akamwambia Baba jioni. "Mbegu ilikuwamo. Ilikufa mukononi mwangu." Na baada ya kitambo, "Mukono wangu ulibaki Uvira."

Mimi nilikuwa na swali langu la kitoto, kwa nini Mungu amekataa mayai yaliyokwisha kuombewa, lakini sikulitoa. Uso wa Mama haukuwa wa kuulizwa.

Mbao za paleti zilikaa ukutani majira yote ya baridi. Zilipovimba kwa mvua Baba alizikata akatengeneza rafu za viatu. Anti Njeri alipouliza habari za kuku wake, Mama akajibu kwamba kuku wa dukani hawana neno. Akapata kazi ya kufagia ofisi alfajiri, akajifunza mapipa na vitufe vyote, akawa mtu mtulivu ambaye hasumbui. Ila kuna jambo lilibadilika, na kwa kuwa lilibadilika kidogokidogo sikulipata jina mpaka nilipokuwa mkubwa. Mama aliacha kunilea kwa mkono. Chakula nilipata, nguo nilipata, sala tulisali. Lakini nikimuuliza kitu, jibu lake likawa moja. Uliza mwalimu. Nilipotaka kukata nywele, uliza mwalimu. Nilipovunja ungo, nimesimama mlangoni mwa bafu, akanikumbatia kwa haraka, akaniambia shuleni kuna nesi, yeye atakueleza vizuri. Nilipochelewa kurudi nyumbani makusudi, nione kama atanifokea, alinipashia chakula moto. Rafiki zangu wa kanisani walikimbizwa na ndala kuzunguka meza, wakanisimulia kwa uchungu, nami nikawaonea wivu. Wao walidhani nina bahati.

Nilimfananisha na Gledis. Nasema wazi kwa sababu ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi. Nilijua kuna akina mama wa aina ya kuku na akina mama wa aina ya kobe, na kwamba wangu alinitaga, akafukia, akaenda zake. Sikuwahi kumwambia. Naye hakuwahi kuniuliza kwa nini nimekuwa mkimya.

Nilipomzaa mwanangu, Mama alikuja hospitali pamoja na Baba. Baba alimchukua mtoto akaanza kumtajia majina ya babu zake wote. Mama alisimama pembeni ya kitanda, mikono ameifunga nyuma, akimwangalia mjukuu kwa macho yaliyojaa. "Mushike, Mama," nikamwambia. Akasogea, akanusa utosi wake, mikono haikutoka nyuma.

"Nimuogeshe vipi?" nikamuuliza. Wanawake wote wa kwetu huulizwa hivyo na mabinti zao, na huongea siku nzima.

"Muganga alisema aje?"

"Mama, mimi nakuuliza wewe."

"Fanya vile banasema," akajibu. "Bao banajua." Kisha akaenda kusimama dirishani. Alipoondoka nililia hadi nesi akaja kuuliza kama nina maumivu.

Basi alipofariki nilimlilia kama ambavyo mtu humlilia mtu asiyempata vizuri, nusu huzuni na nusu deni. Miezi michache baadaye nikampeleka mwanangu kwenye shamba moja nje ya mji ambako watoto huonyeshwa wanyama. Kulikuwa na kona ya kobe, na binti mmoja mwenye buti za mpira alikuwa anawaonyesha watoto mayai ndani ya kiangulio cha kioo. Kila yai lilikuwa na msalaba wa penseli juu yake. Nikasogea. Akaeleza kwamba yai la kobe likishatagwa, kitoto hujishikiza juu ya kiini tangu siku ya kwanza, na kuanzia hapo yai halipaswi kugeuzwa hata mara moja. Likigeuzwa kitoto huzama na kufa. Ndiyo maana tunachora msalaba, akasema, ili upande huu ubaki juu daima.

Nilimwomba arudie. Alirudia, akidhani tatizo ni Kiingereza changu.

Sikumbuki nilivyoendesha gari, mwanangu kiti cha nyuma, mpaka Saltley ambako Baba bado anaishi. Nilichokuwa nawaza ni kwamba Mama angejua hili, angepona. Haukuwa mkono wake. Ulikuwa ujuzi mzuri kabisa, wa mnyama mwingine. Sentensi moja tu ya binti mwenye buti ingemrudishia banda lake la kuku, nyimbo zake, mkono kiunoni, na sentensi hiyo imefika amekwisha kuwa udongoni. Baba nilimkuta akimenya viazi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, hata koti sijavua.

Alimaliza kiazi alichoshika. "Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Hiyo ya kugeuza. Mwaka ule uliofuata Gledis alitaga tena. Yule mupwa wa Leni akayachukua. Mama yako akaenda pale kwenye uzio kumusaidia, akanyoosha mukono ageuze moja. Yule binti akamushika hapa." Baba akajishika kifundo cha mkono. "Akamutikisia kichwa. Akamuonyesha musalaba, juu, juu. Mama yako si mujinga. Alirudi ndani akakaa chini."

"Sasa mbona hakufuga kuku? Kuku si hugeuzwa? Mkono wake ulikuwa mzima!"

"Nilimuambia hivyo hivyo. Nilifurahi hata, nikasema mbao nitaleta zingine." Akaweka kisu mezani. "Akaniambia, 'Kama ningekosea kwa kutojua, ningejifunza. Lakini mimi nilijua. Nilifanya kila kintu vile inafanywa, kwa upendo yote, na njo ile iliyaua. Sasa huyu mutoto iko hapa, na ninajua kulea vile nilijua mayai. Nitamugusa na nini?'"

Nikavua koti, nikalishika mkononi.

"Nilimubishia miaka yote," Baba akasema. "Alikuwa anakataa. Anasema hii inchi si yetu, mutoto atalelewa na benye kuijua, yeye ataweka mikono nyuma asimuue. Ukienda shule alikuwa anasimama pale mulangoni mpaka unapotea. Mara nyingine anaanza kukuita, kuna kintu anataka kukuambia, halafu anajifunga mudomo na kitenge. Mimi nikidhani unajua."

Sikujua, Baba. Nani angeniambia? Mzee Leni aliliona duara akadanganya kwa huruma. Mama alifahamu akanyamaza kwa huruma. Baba alinyamaza kwa sababu alidhani najua, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilidhani sipendwi. Nyumba nzima ya watu wapole.

Baba alinisogezea kiti, nikakaa, akanipa kisu kingine na viazi. Tulimenya. Na kwa kila ganda lililoanguka nilikuwa nazungumza na Mama moyoni, maneno ambayo sikuwahi kuyaweza akiwa hai, na ambayo nitayarudia mpaka na mimi niende. Kwamba yai la kobe haligeuzwi, sawa, tumejifunza wote wawili. Lakini mimi, Mama, nilikuwa yai la kuku. Nililala upande mmoja utoto wangu wote nikiungoja mkono wako.